Daktari akimaliza kuandika ndo mgonjwa anaanza kuongea

Hotuba hii niliitoa Tabora mjini, mbele ya wanafunzi wa utabibu na uuguzi na wazee wa mitaa walioalikwa. Kijana mmoja alirekodi kwa simu, nimeiandika kama ilivyotoka mdomoni, nimeruka tu pale umeme ulipokatika na maiki ikanyamaza.

Wazee wangu shikamooni. Mwangaluka. Vijana hamjambo, na nyie mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema nimewaona, hamjambo na nyie.

MC amenitambulisha kama mtaalam wa mawasiliano, jamani mi sio mtaalam wa mawasiliano, mi ni mama wa dirishani. Kazi yangu karibu yote nimeifanya nyuma ya dirisha la dawa, nilianzia zahanati ya kijiji huko Sikonge alafu nikaja hospitali kubwa, nahesabu vidonge, naandika kwenye bahasha, naita majina. Sasa hivi nimestaafu nina kaduka kangu ka dawa muhimu, na kazi ni ile ile, naita majina. Kwa iyo nitakayosema leo ni ya dirishani, msitegemee slaidi.

Nacho ni kitu kimoja. Mgonjwa swali lake la kweli hamuulizi daktari. Analibeba. Anaingia nalo chumbani, anatoka nalo, anapita nalo maabara, alafu anakuja kulimwaga kwangu dirishani wakati nyuma yake kuna foleni imefika mpaka kwenye mwembe, na mi nisipokuwa na nafasi ya kumsikiliza basi analibeba tena anaenda kumuuliza bodaboda anaemrudisha Isevya, au mama wa genge, au shemeji. Na huyo anamjibu! Tena anamjibu kwa kujiamini kuliko daktari yeyote.

Maswali yenyewe mnayajua nyie mliofanya fild. Dada samahani, eti hizi dawa na sindano ya uzazi wa mpango haziharibiani? Dada, nikimeza hizi naweza kwenda shamba? Mwanangu, hivi hii ni ya kumeza mpaka lini? Na lile linaloniumaga kuliko yote, nesi, hivi dokta kasema naumwa nini? Mtu katoka kwa daktari sasa hivi, benchi lake bado lina joto, ana karatasi mkononi na dawa za aina nne, na hajui anaumwa nini. Unamuuliza sasa mama si ungemuuliza, anakwambia alikuwa anaandika, nikaona nisimsumbue.

Nikaona nisimsumbue. Wanafunzi mngekuwa na daftari hapo ningewaambia andikeni hiyo, mana ndo ugonjwa mkubwa wa OPD zetu, huko wanakotibiwa wagonjwa wa kuja na kuondoka.

Sasa kwa nini asisumbue? Watu wepesi wa kusema wagonjwa wetu hawajasoma, wanaogopa. Mi sikubali. Baba aliyelima tumbaku Urambo miaka thelathini, akabishana bei na wanunuzi, akasimama kwenye mkutano wa kijiji akamuuliza mwenyekiti hela za darasa ziko wapi, huyo haogopi kuongea. Ila sisi tumelelewa kwamba mtu akishakusaidia humuulizi maswali, ukimuuliza ni kama unamwambia hajui kazi yake. Na ukimwambia mtu sijaelewa ni kama unamwambia hujui kueleza. Kwa iyo yule baba anakaa mbele ya kijana wa miaka ishirini na sita mwenye koti jeupe, kijana anamuuliza umeelewa mzee, baba anajibu ndio dokta, kijana anauliza una swali, baba anajibu hamna dokta, asante dokta, Mungu akubariki dokta. Wote wawili wamefanya adabu. Na hakuna kilichoeleweka.

Nitawapa mfano mmoja niliouona mwenyewe kwa macho, na wenyeji wa hapa mtanielewa haraka.

Kulikuwa na mzee, mfuga nyuki, wa vijiji vya huko ndani ambako watu wanaenda porini wiki nzima au mbili kulina asali. Akakutwa na sukari. Akapewa metformin, daktari akamwambia mzee kuanzia leo acha sukari. Na mzee akaacha kweli kweli, mke wake alinihakikishia, ndani ya nyumba ile sukari haikuingia tena hata ya wageni. Akawa anatumia asali. Kwenye chai asali, kwenye uji asali, na asubuhi kabla hajala kitu kijiko cha asali mana ni dawa, si ndo tulivyolelewa hapa Unyamwezi? (Watu wanacheka.) Mnacheka mana nyumbani kwenu chupa ya asali ipo.

Basi anarudi kliniki, sukari iko juu. Daktari anaongeza dozi. Anarudi tena, iko juu. Daktari anakasirika, mzee wewe hufuati masharti, na mzee nae anakasirika kimoyomoyo mana yeye anajua amefuata masharti mpaka wajukuu wamemchukia. Hii imeenda miezi. Mpaka siku moja yuko dirishani kwangu nampa vidonge vyake akasogea karibu akaninong'oneza, mwanangu hebu niambie ukweli, hizi dawa zenu zinafanya kazi? Mi chai nakunywa na asali tu toka nimeambiwa.

Wanafunzi mnajua, ila niseme kwa ajili ya wazee, asali kwa sehemu kubwa ni sukari, ni glukosi na fraktosi, ikiingia mwilini inapandisha sukari ya damu. Iwe ya nyuki wadogo, iwe ya porini, iwe ya kwenye mzinga wa gogo, inapandisha. Kwa hiyo daktari hakusema uongo hata kidogo, alichomwambia kiko sahihi. Ila hakumwambia mzee hebu nieleze, toka unaamka mpaka unalala unakula nini na unakunywa nini. Angemuuliza hivyo angesikia asali mara tatu kabla hata ya saa nne asubuhi. Na ulikuwa msimu wa maembe, huko tusifike.

Tena angalieni, swali lile lile angeweza kuliuliza vibaya. Angemuuliza mzee unatumia vitu vitamu? Mzee angejibu hapana dokta. Na angekuwa mkweli.

Haya, sasa nije kwenye suala la muda, mana najua ndo jibu lenu, mama tuna wagonjwa wengi. Ni kweli, na mi sitawaambia foleni ni ndogo wakati nimeiangalia maisha yangu yote. Lakini kuna watu walikaa na saa wakapima. Mwaka 1984 huko Marekani watafiti wawili, Beckman na Frankel, walirekodi sauti za madaktari na wagonjwa kwenye mahudhurio 74, wakakuta mgonjwa akianza kueleza shida yake daktari anamkatisha kwa wastani baada ya sekunde 18. Sekunde kumi na nane, hata shikamoo na habari za nyumbani hazijaisha kwa mtu wa Nzega. Mkasema ni zamani, basi mwaka 2018 ikatoka nyingine ya huko huko Marekani, na kwa wale waliokatishwa nusu yao walikatishwa ndani ya sekunde 11. Badala ya kupanda imeshuka.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Uswisi, hospitali ya chuo kikuu pale Basel, mwaka 2002 walichapisha utafiti ambao madaktari waliambiwa safari hii mnyamaze, muacheni mgonjwa aongee mpaka aseme basi mwenyewe, na huku saa inahesabu kimya kimya mgonjwa hajui. Wagonjwa zaidi ya 300. Mnadhani waliongea muda gani? (Mtu anajibu: nusu saa.) Nusu saa! Wastani ni sekunde 92. Dakika moja na nusu. Karibu wanane kati ya kumi walikuwa wamemaliza ndani ya dakika mbili, na waliovuka dakika tano walikuwa saba tu.

Najua, Basel sio Tabora, na mtu wetu akianza kusimulia tumbo linavyouma anaweza kuanzia kwenye msiba wa mkwe wake mwaka jana. Lakini muacheni afike, mana mara nyingine huo msiba ndo tumbo lenyewe, hajalala toka siku ile, hali, ana madeni ya mazishi, na wewe umeshamuandikia omeprazo na umemuita anaefuata. Atarudi wiki ijayo. Na wiki nyingine. Ule muda uliookoa utaulipa kwa awamu.

Fundi pikipiki wa pale stendi ukimpelekea chombo haanzi kufungua nati. Anakuuliza ilianza lini, ukipanda mlima inalia au inalia ukiwa umesimama, juzi uliweka mafuta ya wapi, alafu anaiwasha anainamisha kichwa anasikiliza kwanza. Pikipiki haiongei na anaisikiliza. Haya.

Chumba chenyewe pia tukiongelee, mana kuna vitu sio vya daktari ni vya mpangilio. Vituo vingi nilivyopita mgonjwa mmoja anaongea na daktari na watatu wanaofuata wamekaa ndani humo humo kwenye benchi, eti ili foleni iende haraka. Sasa niambieni, huyu kijana ana usaha unatoka sehemu za siri, na kwenye benchi yuko mwalimu wake wa Jumapili. Atasema nini? Atasema kichwa. Ataandikiwa panado, atakuja dirishani anazunguka zunguka mpaka watu wapungue ndo ananiambia, na mi siruhusiwi kumpa antibayotiki bila cheti cha daktari, kwa iyo namrudisha kwenye benchi lile lile. Akienda nyumbani asirudi tena nani wa kulaumiwa? Mlango ufungwe, benchi likae nje. Hiyo haihitaji bajeti wala mfadhili.

Na sisi wa dirishani tusijitoe. Nishawahi kusikia mtu anaita kwa sauti ya mnadani, nani hapa wa dawa za kaswende? Nani atanyoosha mkono?

Alafu kuna hawa bibi zetu. Bibi anatoka kijijini, Kiswahili anakisikia kwa mbali, anaongea Kinyamwezi au Kisukuma, amesindikizwa na mjukuu wa kiume wa miaka kumi na minne anaejua Kiswahili cha shule. Daktari anauliza, mjukuu anatafsiri, bibi anasema tumbo. Tumbo la chini. Basi vipimo vya mkojo, dawa ya UTI, nendeni. Bibi akapewa dawa na alipofika dirishani akamwambia mjukuu kaninunulie maji, mtoto alivyoondoka tu akanishika mkono akaniambia kwa kilugha, mayu, natoka damu. Hedhi alishaacha miaka mingi. Wanafunzi nawaona mmekaa sawa, mana mnajua damu kwa mwanamke aliyeshakoma hedhi ni jambo la kuchunguzwa haraka, inaweza ikawa saratani ya shingo ya kizazi au ya kizazi chenyewe na inaweza isiwe, ila hulipiti hivi hivi. Bibi angeyasemaje hayo kupitia mdomo wa mjukuu wake wa kiume? Bora angekufa nayo. Pale nje kulikuwa na mhudumu mwanamke wa usafi anaeongea Kinyamwezi kizuri kuliko mimi, na manesi wawili. Ni kusema tu mjukuu wangu hebu tusubiri nje kidogo. Maneno machache.

Nikaambiwa nitoe mbinu, basi nawapa moja mana nyingi hamtazikumbuka. Acheni kuuliza umeelewa. Lifuteni kabisa hilo swali, halijawahi kupata jibu la hapana. Badala yake mwambieni mgonjwa, mama, ukifika nyumbani baba watoto atakuuliza dokta kasema nini, utamwambiaje? Alafu nyamaza. Akikosea, usimwambie umekosea, sema ngoja mi nimeeleza vibaya, alafu eleza upya, alafu muulize tena. Wataalam wana jina lao la hii kitu na wanaifundisha dunia nzima, ila sisi hatuna haja ya jina. Kuna mapitio ya tafiti ya mwaka 2003 ya Mholanzi mmoja, Kessels, yanasema asilimia 40 mpaka 80 ya anachoambiwa mgonjwa anakisahau hapo hapo, na karibu nusu ya anachokumbuka anakikumbuka vibaya. Huko kwenyewe wanakopewa karatasi zilizochapishwa za kusoma nyumbani. Sisi tunampa bahasha imeandikwa 1x3.

Hiyo 1x3 tuiongelee. Wewe unaelewa kimoja mara tatu kwa siku. Nimeshakutana na mama kampa mtoto vitatu mara moja. Amesoma kama ilivyoandikwa, moja mara tatu, mara moja vidonge vitatu, unamlaumu vipi? Tangu zahanati mi nilikuwa nachora. Jua linachomoza, jua la utosi, mwezi, na chini ya kila mchoro napiga vidoti idadi ya vidonge. Wenzangu walinicheka eti nimerudi chekechea, wacheke.

Na mseto ya malaria hapo ndo kuna mtego. Mtu mzima vidonge 24, vinne vinne mara sita kwa siku tatu. Sasa dozi ya pili inamezwa masaa 8 baada ya ile ya kwanza, kuanzia hapo ni asubuhi na jioni siku mbili zinazofuata, na imezwe na chakula chenye mafuta kidogo hata maziwa au karanga ili ifanye kazi vizuri mwilini. Ukimwambia tu nne mara mbili, kapewa saa nne asubuhi, atasubiri alale ameze saa nne usiku. Mwambie saa, mwambie saa kumi na mbili jioni jua likizama meza nne. Na umwambie kabisa kwamba siku ya pili homa itakuwa imekwisha na atajisikia mzima, na hapo ndo asiache. Mana siku ya pili kila mtu anaacha, anazifunga zile zilizobaki kwenye kitambaa anaweka kabatini kwa ajili ya mtoto atakaeumwa mwezi ujao. Usipomtabiria hiyo siku ya pili, siku ya pili itakushinda.

Hii ya kutabiri ndo nataka niikazie kuliko zingine. Kuna mambo dawa itamfanyia mgonjwa na wewe unayajua na yeye hayajui. Dawa za kifua kikuu, ile rifampisini ndani yake inageuza mkojo rangi ya chungwa, hata jasho hata machozi. Ulimwambia? Hukumwambia. Siku ya kwanza anaenda chooni anaona anakojoa kama damu, anamuita mkewe, mkewe anamuita mama mkwe, kikao, uamuzi, hizi dawa zinamuua acha. Na ni dawa za miezi sita ambazo akiziacha katikati TB inaweza ikarudi na usugu. Kumwambia mapema mkojo utakuwa wa chungwa usiogope ni sekunde ngapi? Vidonge vya kuongeza damu vya wajawazito, choo kitakuwa cheusi. Captopril na enalapril za presha, wengine zinawaletea kikohozi kikavu kisichoisha, mwambie akianza kukohoa arudi abadilishiwe, asije akanunua dawa za kifua kwangu miezi mitatu. Amlodipini inaweza kuvimbisha miguu. Mwambie.

Na presha yenyewe jamani. Hapa nitakaa kidogo. Ugonjwa ambao hauumi, dawa ambayo haimfanyi ajisikie tofauti, na inamezwa kila siku bila mwisho. Huo ndo mtihani wa mwisho wa kuongea na mgonjwa, kama unaweza kueleza presha unaweza kueleza chochote. Kila mwezi dirishani, mama mbona hukuja kuchukua dawa? Aa nilipima nikaambiwa iko kawaida, nikajua nimepona. Nani alimwambia iko kawaida? Sisi wenyewe tulimwambia, tena kwa kumpongeza, hongera mama presha yako leo iko vizuri, tukaishia hapo. Sentensi ya pili hatukuisema, kwamba iko vizuri kwa sababu unameza, ukiacha itapanda na hutasikia kitu mpaka siku mkono na mdomo vimepooza. Mama anafanya hesabu yake, homa ikiisha tunaacha dawa, kidonda kikipona tunaacha dawa, presha iko vizuri, kwa nini asiache? Anatumia akili vizuri kabisa, sisi ndo tumempa nusu ya habari.

Mwambieni pia arudi lini kwa namna inayowezekana. Rudi baada ya wiki mbili, mzee anasema sawa dokta, na keshokutwa anaingia porini kwenye mizinga mpaka mwezi uishe. Angekwambia kama ungemuuliza siku zako zijazo zikoje. Ungempa dawa za mwezi.

Waganga wa kienyeji, najua hapa nagusa pabaya. Wenzetu hawa mgonjwa akienda wanamkalisha, wanamuuliza unatoka kwa nani, baba yako alikuwa nani, ndoto unazoota, nani umegombana nae. Anatoka pale anahisi kuna mtu amemuona. Sisemi dawa zao ni nzuri, mimi nimeona maini na figo za watu zilivyoisha kwa mizizi, na nimeona akina mama wameletwa na uchungu mkali wa kupitiliza kwa sababu ya dawa za kuharakisha uzazi walizokunywa nyumbani, kitu kinachoweza kumpasua mtu kizazi. Ninachosema ni kwamba mgonjwa anakuficha. Anakuficha mana mara ya kwanza aliposema ulimfokea mbele za watu. Sasa ukimfokea hauzuii chochote, unazuia tu wewe kujua. Uliza kama unauliza habari za mvua, mama kabla ya kuja hapa nyumbani mlijaribu nini? Mlijaribu, sio ulikunywa nini wewe. Atasema. Na degedege ni hivyo hivyo, mama akikwambia mtoto alipata degedege tukampeleka kwanza kwa bibi fulani, usimcheke, mshukuru amefika, tibu mtoto, ukishamaliza na mtoto ametulia ndo umueleze siku nyingine akishika moto hivi njia ni ya hospitali kwanza.

La kusaini fomu za upasuaji nitapita haraka mana wakati hautoshi. Kumpa mtu kalamu na kumwambia saini hapa sio kumueleza. Mama anapelekwa kujifungua kwa upasuaji, amesaini, na kesho yake wodini anauliza hivi nimetolewa na kizazi? Aibu yetu hiyo.

Sasa wazee wangu, na mimi siwezi kuondoka bila kuwagusa, mana mmecheka sana vijana waliposemwa. Mkiingia kwa daktari tangulizeni lililowaleta. Mnaanza na mafua, mnaenda na mgongo, mkishaandikiwa dawa mmeshika kitasa cha mlango ndo mnageuka, alafu dokta kuna kitu kingine, kifua kinabana nikipanda ngazi. Hicho ndo kilitakiwa kuwa cha kwanza! Daktari ameshamuita mwingine. Na dawa za zamani mje nazo zote kwenye mfuko, na zile za duka, na zile za mti, mwageni mezani. Kama hamkumeza semeni hatukumeza, msiseme tulimeza zikaisha, mana daktari akiamini umemeza na haikusaidia atakuongezea kali zaidi. Kama hela ya dawa haipo semeni mapema, kuna dawa za aina ile ile za bei nafuu na daktari anaweza kubadilisha, ila ukikaa kimya utakuja dirishani kwangu kununua nusu dozi, na nusu dozi ya antibayotiki siuzi, tumeshagombana na baadhi yenu kwa hilo. Na kumuuliza daktari naumwa nini sio utovu wa adabu. Muulizeni. Akiwaambia kwa Kilatini mwambieni mwanangu niambie kama unavyomwambia mama yako.

Na nyie vijana mkiulizwa hivyo msinune. Kompyuta nazo, najua sistimu inawataka mjaze kila kitu ndo dawa itoke, ila anzeni kwa kumuangalia mtu usoni, muandike baadae. Kuna mama alikuja kwangu nikamuuliza umeonwa na daktari gani, akaniambia simjui sura, nimemuona sikio.

MC ananionyesha saa, na kwa kweli kukatishwa na mtu mwenye saa ni haki yangu leo. Maswali nitayapokea pale nje kivulini, mwenye shida ya dawa aje na dawa zenyewe na bahasha zake, sio picha ya kwenye simu, kidonge cheupe kwenye picha vyote vinafanana. Na yule mama wa kanga ya njano umenyoosha mkono toka nilipotaja asali, njoo wa kwanza, ila kwanza niambie chai ya leo asubuhi umekunywa na nini.